Maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni: yajue mapema, uokoe mguu na msimu

 

Leo naomba tuweke pembeni mbolea na viuatilifu. Nataka tuongee kuhusu chombo kimoja cha kazi ambacho hakiuzwi duka la pembejeo, ushirika haukikopeshi, na kikiharibika hakuna fundi wa kijijini wa kukichomelea. Chombo hicho ni mgongo wako. Hasa nitaongelea maumivu yanayoanzia kiunoni au kwenye tako, yakashuka nyuma ya paja, yakapita kwenye kigimbi na wakati mwingine yakafika hadi vidoleni. Wataalamu wa afya wanayaita siatika. Huku kwetu yana majina mengi: wengine wanasema mshipa, wengine nyonga, wengine ngiri, wengine baridi, na siku hizi wengi wanaambiwa ni "UTI sugu".

Mimi ni mtu wa kilimo, si daktari. Naandika haya kwa sababu mbili. Kwanza, maumivu haya yamenipata mwenyewe, na nitakueleza yalivyokuwa. Pili, kila mwaka kwenye kata ninayohudumia naona shamba zuri limezama kwenye majani. Mbegu bora imenunuliwa, mbolea imelipiwa, mvua ipo. Ukiuliza kulikoni, unaambiwa mwenye shamba kiuno kimemshika.

Sasa tazama hesabu hii. Mahindi huumizwa zaidi na magugu katika wiki 4 hadi 6 za mwanzo. Siatika nayo, kwa watu wengi, huchukua wiki 6 hadi 12 kutulia. Maana yake, maumivu yakikukamata wakati wa kupanda, palizi ya kwanza itapita na pengine ya pili, wewe ukiwa hujaweza kuinama. Ndiyo maana sisemi hili ni suala la afya peke yake. Ni suala la chakula cha nyumbani na ada ya watoto.

KINACHOUMA NI NINI HASA?

Mgongo wako umejengwa kwa mifupa midogo iliyopangwa mmoja juu ya mwingine, ile tunayoiita pingili. Sehemu ya kiuno ina pingili 5, na hizo ndizo zinazobeba mzigo mkubwa. Kati ya pingili na pingili kuna kitu kama mto mdogo, kinaitwa diski. Nje diski ni ngumu kama mpira, ndani ni laini kama ute mzito. Kazi yake ni kupunguza mshindo na kuuwezesha mgongo kupinda.

Umri ukisogea, na mgongo ukiinamishwa na kubebeshwa mizigo miaka nenda rudi, ule ukuta wa nje hupata nyufa. Siku moja unanyanyua kitu, pengine hata si kizito, ute wa ndani unasukumwa na kutokeza nje. Hapo jirani pana mizizi ya mishipa ya fahamu inayotoka kwenye uti wa mgongo kwenda mguuni. Mizizi hiyo huungana na kuwa mshipa mmoja mkubwa, mrefu na mnene kuliko mshipa mwingine wowote wa fahamu mwilini. Unene wake unakaribia kidole gumba. Unapita kwenye tako, nyuma ya paja, kisha unagawanyika kuelekea mguu wa chini na unyayo. Ute ukigusa na kubana mzizi, mguu wote unalalamika.

Kwa mtu wa umwagiliaji hili si gumu kulielewa. Ukikanyaga bomba pale karibu na tanki, mche unaonyauka ni ule wa mwisho wa mstari. Hutamwagilia ule mche kwa mikono ukasema umemaliza tatizo. Utarudi kule kwenye tanki kuondoa mguu. Kadhalika hapa: kigimbi kinawaka moto, lakini kigimbi chenyewe ni kizima. Aliyekanyaga bomba yuko juu, kiunoni. Mwaka 1934 madaktari wawili wa Marekani, William Mixter na Joseph Barr, ndio walioandika kwa uwazi kwamba diski iliyotokeza inaweza kubana mizizi hiyo na kuleta maumivu ya mguu. Kabla ya hapo hata madaktari walikuwa wakisumbuka na mguu.

Diski si sababu pekee, ingawa ndiyo inayoongoza. Wazee wengi hupata maumivu haya kwa sababu njia ya mishipa ndani ya mgongo imekuwa nyembamba. Utamjua mzee wa namna hiyo: akitembea mwendo mfupi miguu inakufa ganzi, akikaa au akiinamia mbele kidogo anapata nafuu. Ndiyo maana anatembea vizuri zaidi akisukuma baiskeli kuliko mikono mitupu. Wajawazito nao huyapata. Na ipo sababu nyingine nitakayoigusa mbele: sindano ya tako iliyochomwa mahali pasipo pake.

UTAYATOFAUTISHAJE NA MAUMIVU MENGINE?

Maumivu ya kawaida ya mgongo, yale ya baada ya kulima siku nzima, hukaa mgongoni. Siatika ina tabia zake:

1. Mguu unauma kuliko mgongo, na maumivu yanavuka goti kwenda chini.

2. Mara nyingi ni mguu mmoja.

3. Maumivu ni ya kuchoma au kama shoti ya umeme, pamoja na ganzi au hisia ya kutembelewa na siafu.

4. Ukikohoa, ukipiga chafya au ukijikamua chooni, yanaruka.

5. Kukaa muda mrefu, hasa kwenye kigoda kifupi au kwenye pikipiki, kunayaongeza.

Maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kuuma kiuno, ndiyo, lakini huambatana na mkojo kuchoma, kwenda haja ndogo mara kwa mara, au homa. Hayarushi shoti hadi kwenye kidole gumba cha mguu. Kwa hiyo ukipewa dawa za UTI mara ya tatu na mguu bado unawaka, muulize mtoa huduma kwa heshima: "Daktari, hebu tuangalie na mgongo."

Akiangalia mgongo, atakulaza chali na kuinua mguu wako ukiwa umenyooka. Kama maumivu yanaruka kushuka chini ya goti kabla mguu haujafika juu sana, hiyo ni ishara kwamba mzizi umebanwa. Kipimo hiki hakina gharama wala mashine.

Kuna jambo unaloweza kujitazama mwenyewe nyumbani. Shika ukuta, tembea hatua chache kwa visigino, kisha hatua chache kwa ncha za vidole. Kama mguu mmoja unashindwa, unyayo unadondoka au unaburuzika, hapo si maumivu tu tena. Mshipa umeanza kupoteza nguvu, na safari ya hospitali isisubiri gulio lijalo.

YALIYONIPATA MIMI

Kazi yangu ni pikipiki na barabara za vumbi. Kijiji hadi kijiji, mashimo kwa mashimo, na nyuma nimefunga sampuli za mbegu. Mtikisiko wa muda mrefu wa chombo nao ni adui wa mgongo, mwendesha bodaboda yeyote anakubaliana nami. Mwezi wa pili mwaka mmoja, tulipokuwa tunahimiza maandalizi ya mashamba, mguu wangu wa kushoto ulianza kuchoma kutoka kwenye tako hadi kwenye kisigino. Usiku ndio ulikuwa mbaya. Nilijigeuza kitandani kwa mahesabu, kama mtu anayegeuza gari kwenye daraja la miti.

Nilikwenda kituo cha afya. Mganga niliyemkuta ni mama wa makamo, hakuwa na haraka. Aliuliza maswali ambayo sikuyategemea: Mkojo unatoka vizuri? Sehemu za siri zina hisia kama kawaida? Ni mguu mmoja au yote miwili? Umepungua uzito? Una homa za usiku? Unakunywa maziwa mabichi? Kisha akaninyanyua mguu, akanitembeza kwa visigino. Nikamwomba picha ya eksirei. Akanijibu: "Baba, eksirei inaonyesha mfupa. Diski na mshipa haivioni. Nguvu za mguu unazo, mkojo uko sawa. Nenda ukatembee, urudi baada ya wiki mbili, au urudi leo leo kama moja ya yale niliyouliza likibadilika."

Nikatembee! Mtu hawezi kuvaa soksi anaambiwa akatembee. Lakini ndivyo nilivyofanya: dakika 5 asubuhi, dakika 5 jioni, kisha 10, kisha 15. Wiki ya tatu ilikuwa ngumu kuliko zote, na hapo ndipo washauri walipojaa. Mama yangu mzazi alitaka nikakandwe kwa mafuta ya moto. Jirani alikuwa na mtu wake wa kuumika. Mwingine alisema nimetupiwa kitu na watu wa kijiji kilichokosa pembejeo za ruzuku. Wote walisema kwa upendo. Wiki ya sita nikaanza kulala usiku mzima. Wiki ya tisa nikarudi kwenye pikipiki, safari fupi fupi. Ganzi kidogo kwenye kidole cha mwisho ilibaki miezi kadhaa, kisha ikaondoka yenyewe.

Na ekari yangu moja ya mahindi? Nililipa vibarua wa palizi zote mbili. Faida ya msimu ule ilipungua, lakini mahindi yalivunwa. Naomba ukishike hiki, maana nitakirudia.

UFANYE NINI YAKIKUKAMATA

Usilale kitandani siku nzima. Wazee wetu walisema mgonjwa apumzike, na siku moja au mbili za mwanzo unaweza kupumzika. Zaidi ya hapo kitanda hakisaidii. Mwaka 1999 watafiti wa Uholanzi walilinganisha wagonjwa wa siatika waliolazwa kitandani wiki mbili na wale walioendelea na shughuli kadiri walivyoweza. Waliolala hawakupona haraka kuliko wenzao. Tembea mwendo mfupi mara nyingi. Epuka kuinama, kunyanyua na kukaa muda mrefu.

Tafuta mkao wa kulala. Lala ubavu, ule mguu usiouma ukiwa chini, na uweke mto au nguo zilizokunjwa katikati ya magoti. Ukilala chali, weka mto chini ya magoti. Kuamka, usijiinue moja kwa moja. Geuka ubavu kwanza, shusha miguu, kisha jisukume kwa mikono.

Joto linafariji. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kanga, iweke kiunoni dakika 15. Angalia tu usiiweke mahali penye ganzi, maana utaungua bila kusikia.

Dawa ni za kutuliza, hazirudishi diski. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kusaidia siku chache, uzile baada ya chakula na kwa kipimo ulichoelekezwa. Usizichanganye hizo mbili kwa pamoja. Kama una vidonda vya tumbo, presha, ugonjwa wa figo au moyo, au ni mjamzito, usizinywe bila kumwona mtoa huduma. Na zile "dawa za mseto" zinazofungwa kwenye kikaratasi bila jina, kaa nazo mbali. Mara nyingine huwa na prednisoloni au deksamethasoni ndani yake. Zinakupa nafuu ya haraka, lakini ukizizoea zinapandisha sukari na presha, zinadhoofisha mifupa na kuushusha mwili kinga. Duka la dawa muhimu linalofuata taratibu litakuambia jina la dawa unayonunua.

Sindano za tako si njia ya mkato. Ule mshipa unapita humo humo ndani ya tako. Sindano ikichomwa katikati au chini, inaweza kuugusa na kuleta maumivu au udhaifu wa mguu uliokuwa haupo. Mahali salama ni robo ya juu upande wa nje. Una haki ya kumkumbusha anayekuchoma, hasa kwa mtoto mdogo au mtu mwembamba.

Kukandwa. Kukandwa taratibu kwa misuli iliyokaza hakuna ubaya, na kunafariji. Kupandwa mgongoni, kuvutwa mguu kwa nguvu, au "kurudishwa mshipa" kwa kishindo ni hatari. Na chale zinazochanjwa kwa wembe uliotumika kwa mwingine zinaweza kukuletea ugonjwa mkubwa kuliko uliokuwa nao.

Mazoezi. Maumivu yakianza kupungua, tembelea mtaalamu wa fiziotherapia kama hospitali yenu ya wilaya anaye. Atakupa mazoezi ya kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo. Kanuni rahisi ya kujipima: zoezi linalofanya maumivu yapande kutoka mguuni kurudi kiunoni ni zuri kwako. Linaloyasukuma kushuka mguuni, liache.

Operesheni. Wengi hawaihitaji. Mwili wenyewe, polepole, huula ule ute uliotokeza na uvimbe hupungua. Mwaka 2007 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya kulinganisha waliofanyiwa operesheni mapema na waliosubiri kwanza. Waliofanyiwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, lakini baada ya mwaka mmoja hali zao zilikuwa karibu sawa. Kwa hiyo kama maumivu yamezidi wiki kadhaa bila kupungua, au mguu unapoteza nguvu, omba rufaa. Hospitali kama MOI pale Muhimbili, KCMC Moshi na Bugando Mwanza hupokea wagonjwa wa aina hii. Ila usiuze shamba katika wiki ya pili.

DALILI ZISIZOSUBIRI HATA USIKU MMOJA

Hapa nakuomba usome taratibu, na umsomee na mwenzio.

Kuna kuli mmoja katika kata yetu, kijana mwenye nguvu, alikuwa akipakia magunia kwenye maroli. Alikuwa na siatika ya mguu mmoja kwa mwezi mzima. Jioni moja maumivu yakahamia miguu yote miwili. Usiku akamwambia mkewe kwamba akikaa anahisi kama amekalia pamba, hajisikii, na mkojo hautoki ingawa kibofu kimejaa. Yeye alitaka wasubiri pakuche. Mkewe hakukubali. Alimwamsha mwenye bodaboda, wakakodi gari mbele ya safari, wakafika hospitali kabla ya jua kuchomoza, naye akapelekwa rufaa siku hiyo hiyo kwa operesheni. Leo anatembea na mkojo anauhisi. Magunia habebi tena, anauza vocha na soda. Mke yule angekubali kusubiri, yule kijana pengine angeishi na mpira wa mkojo maisha yake yote.

Nenda hospitali mara moja ukiona:

- Ganzi sehemu za siri, njia ya haja kubwa, au ndani ya mapaja.

- Mkojo hautoki, au mkojo na choo vinatoka bila wewe kujua.

- Miguu yote miwili kuuma au kuishiwa nguvu.

- Unyayo unadondoka na mguu unazidi kudhoofu.

- Maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka, kwa mfano kutoka kwenye mti au kwenye pikipiki.

Halafu zipo dalili zinazokutaka uende ndani ya siku chache: homa, jasho la usiku, kupungua uzito, au maumivu yasiyopungua hata ukilala. Kifua kikuu hakikai kifuani tu, huweza kuingia kwenye uti wa mgongo na kula pingili. Kikigundulika mapema kinatibika, na dawa zake katika vituo vya serikali hapa Tanzania ni bure.

Wafugaji, nanyi mna lenu. Ule ugonjwa wa ng'ombe na mbuzi kutupa mimba, brusela, humpata na binadamu. Unaingia kwa kunywa maziwa mabichi, au kushika kondo na mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu. Kwa binadamu huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho, uchovu, na maumivu makali ya kiuno na nyonga yanayofanana kabisa na tunayoyazungumza. Kama zizi lako limetupa mimba na wewe kiuno kinauma na homa ipo, mwambie mganga habari za ng'ombe wako. Bila kumwambia, hatawazia. Na maziwa chemsha.

KINGA INAANZIA SHAMBANI

Sasa nirudi kwenye fani yangu. Watu husema "jifunze kunyanyua vizuri". Ni kweli: sogea karibu na mzigo, kunja magoti, ukumbatie mzigo kifuani, na ukitaka kugeuka geuza miguu, usikizungushe kiuno. Lakini kunyanyua vizuri gunia la kilo 100 bado ni kunyanyua kilo 100. Njia ya uhakika zaidi ni kupunguza uzito na kupunguza idadi ya kuinama.

Anza na nafasi ya kupanda. Ukipanda mahindi kwa sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo, ekari moja ina mashimo karibu 18,000. Ukipanda sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, mashimo ni karibu 9,000, na idadi ya mimea ni ile ile. Umeokoa mara 9,000 za kuinama kuchimba, kuweka mbolea, kuweka mbegu na kufukia.

Mpini wa jembe. Mpini mfupi unakulazimisha kupinda mgongo mara mbili. Chonga mpini unaokufikia karibu na kifua ukisimama. Kwa palizi, hilo pekee linabadilisha siku yako. Na badili kazi kila baada ya nusu saa hivi: palilia, simama, nyoosha mgongo, fanya kitu kingine.

Bomba la kupulizia. Bomba la lita 16 likijaa, maji peke yake ni kilo 16, mbali na bomba lenyewe. Lijaze nusu kama mgongo unasumbua. Liweke juu ya kisiki au meza, uingie kwenye mikanda ukiwa umesimama, na uvae mikanda yote miwili.

Gunia. Hapa nitasema wazi. Lumbesa inakuibia mara mbili. Inakuibia debe moja la mazao, na inamwibia anayeinyanyua mgongo wake. Sheria ya vipimo inaikataza. Shirika la Kazi Duniani, tangu mwaka 1967, lilipendekeza mzigo wa kubebwa na mwanaume mzima mmoja usizidi kilo 55, na wa mwanamke uwe pungufu zaidi ya hapo. Linganisha na magunia yetu ya debe 6 na 7. Fungasha kwenye mifuko ya kilo 50 na uuze kwa mizani. Utanunua mifuko mingi zaidi, ni kweli, ila mfuko ni rahisi kuliko diski.

Kupakia. Mwambie dereva aegeshe gari upande wa bondeni, ili sakafu ya gari ilingane na ukingo wa ardhi. Ghalani, tengeneza jukwaa la mbao la usawa wa kiuno, mzigo uanzie hapo na si chini. Tumieni toroli, guta au mkokoteni wa punda, hata kwa mwendo mfupi.

Wewe wa gulioni. Usikae kwenye kigoda kutwa nzima ukiinamia mafungu ya nyanya yaliyo chini. Panga bidhaa kwenye meza. Simama, kaa, zunguka. Tenga kubwa libebwe na watu wawili. Na kama unavuta sigara, hata diski zako zinalipa, maana sigara huongeza uwezekano wa kupata maumivu haya.

FEDHA YA MBUZI IENDE WAPI?

Nimemwona mkulima mmoja, mtu makini, akiuza mbuzi wawili kwa ajili ya sindano, kisha ndama kwa ajili ya mtaalamu wa mishipa aliyekuja na gari lenye kipaza sauti. Wiki ya nane akapona. Alimshukuru yule mtu wa kipaza sauti. Lakini wiki ya nane wengi hupona, awe amekuja mwenye gari au hakuja. Shambani magugu yalikuwa yamefika kifuani. Alivuna gunia tatu palipokuwa pa kumi na mbili.

Kwa hiyo, kama mganga amekupima na hujaonekana na zile dalili za hatari, fedha yako ya kwanza ni ya kipimo hicho na dawa chache za maumivu. Fedha ya mbuzi wa pili ilipe kibarua wa palizi. Mshipa, ukiutunza, una uwezo mkubwa wa kupona wenyewe. Mahindi hayana uwezo wa kujipalilia. Kama huna mbuzi, ongea mapema na kikundi chako: leo wanipalilie mimi, nikipona nitapukuchua na kulinda, kazi zisizo za kuinama. Kama ekari tatu hazitawezekana, okoa moja iliyo nzuri kuliko zote na uipalilie vizuri. Usione aibu kusema kiuno kinauma. Jirani anajua kusaidia mtu aliyesema, si aliyejifungia ndani.

Mwaka huu kabla hujanunua mbegu, pima mpini wa jembe lako, hesabu magunia ya kilo 50, na umwonyeshe mwenzi wako ile orodha ya dalili za hatari ili mjue wote wawili.